Wafanyakazi wa Chini ya Bahari ya Baridi



Aliyewahi kuoga baharini Mombasa au Dar es Salaam anajua kwamba maji ya huko ni ya vuguvugu. Lakini ukishuka kusini mpaka Cape Town, Afrika Kusini, utakuta bahari inayoweza kumwua mtu kwa baridi huku jua likiwaka. Humo wamo watu wanaotafuta riziki yao. Leo tuielewe kazi yao.

Kwanza, baridi hiyo inatoka wapi? Upande wa mashariki wa Afrika Kusini hupita mkondo wa maji ya moto uitwao Agulhas, utokao upande wa Msumbiji. Upande wa magharibi hupita mkondo wa baridi uitwao Benguela. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji ya baridi kutoka chini hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana katika miezi ya joto kali maji ya upande wa Atlantiki huweza kushuka hadi digrii 10 au chini yake. Wakati huohuo, katika ghuba ya False Bay, ng'ambo ya milima ileile, maji huweza kufika digrii 20.

Maji hayo yanayopanda huleta mbolea, kama samadi shambani. Kwa hiyo bahari ya baridi ina uhai mwingi. Mwani wa huko husimama kama msitu, mwingine ukifika urefu wa mita 12. Ndani yake mzamiaji huona pweza, kamba wakubwa, sili, na konokono mkubwa wa mwambani aitwaye perlemoen, mwenye bei kubwa sana. Wapo pia papa wenye matamvua saba kila upande. Mwaka 2015 na 2016 wazamiaji wa False Bay walikuta mizoga ya papa hao, maini yameondolewa. Wataalamu waliona kuwa ni kazi ya nyangumi wauaji, na baada ya hapo papa waliobaki wakapahama mahali hapo.

Sasa tutazame hatari. Maji humnyang'anya mtu joto la mwili upesi kuliko hewa, kiasi cha mara 25. Mzamiaji huvaa nguo nene ya mpira, lakini kadiri anavyozama ndivyo nguo hiyo inavyobanwa na maji na kuwa nyembamba. Mchuma chai anajua vidole vinavyokufa ganzi asubuhi ya baridi. Chini ya maji ganzi hiyo humzuia mtu kufungua kamba au kushika kisu. Baadaye hata akili hupoa, naye hafahamu tena kwamba yumo hatarini. Akipanda kwa haraka, mapovu ya hewa huingia katika damu na kumlemaza au kumwua. Inampasa apande polepole, yapata mita 9 kwa dakika, bila kuzuia pumzi.

Mtu anayezamia kwa kujifurahisha akisikia baridi hutoka. Mfanyakazi je? Katika pwani ya Port Nolloth wako wazamiaji wanaonyonya changarawe kwa bomba kutafuta almasi. Wao huvuta hewa kwa mpira unaotoka mashuani. Siku za bahari kutulia ni chache, na wengi hulipwa kwa kadiri ya kinachopatikana. Hivyo siku njema ikija mtu hutaka kubaki chini, ingawa anatetemeka. Ndugu zetu wanaolipwa kwa kilo hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Afrika Kusini inazo Kanuni za Uzamiaji za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1993. Zinataka kazi hiyo iwe na msimamizi. Hilo ni jema, lakini msimamizi akiwa anahesabu mawe tu, nani atahesabu dakika? Lazima awepo mtu mwenye saa mkononi na mamlaka ya kusema "panda sasa". Na anayepanda kwa sababu ya baridi asirudi nyumbani mikono mitupu. Malipo yakimfunga chini, kanuni haitampandisha.