Wavulana wa Vijijini Wanapotelea Wapi? Kenya na Tanzania kwa Kipimo Kimoja

Nchini Kenya, wavulana 590,450 walifanya KCPE ya mwaka 2020, mtihani wa darasa la nane uliosogezwa hadi Machi 2021 kwa sababu ya korona. Waliofanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2024 walikuwa 480,310. Tukiwachukua hao kuwa kundi moja, basi katika kila wavulana 100 waliomaliza darasa la nane, takriban 81 walifika mwisho wa kidato cha nne. Tanzania, watoto 1,008,307 walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2020. Watahiniwa wa shule waliosajiliwa kwa kidato cha nne mwaka 2024 walikuwa 529,321, yaani kama 52 kwa kila 100. Wavulana kati yao walikuwa 249,078, chini ya nusu.

Tusikimbilie kusema Kenya imeshinda. Hesabu hii ni makadirio, kwa kuwa wapo wanaorudia darasa. Mtoto wa Kenya alianza kuhesabiwa akiwa tayari amevuka darasa la nane, ilhali mwenzake wa Tanzania alihesabiwa tangu la saba. Tena takwimu hizi ni za nchi nzima: zinamchanganya mwana wa mjini na wa kijijini, ambaye shule huwa mbali naye na karo huwa nzito kwao. Zinachotuonyesha vizuri ni mahali ambapo kila nchi humpoteza mtoto.

Tanzania humpoteza kwenye chujio la mtihani. Mwaka huo wa 2020 waliofaulu darasa la saba walikuwa 833,672. Wengine zaidi ya 170,000 wakaishia hapo. Anayeingia sekondari hukutana na mtihani wa kidato cha pili, na asiyefaulu haendi cha tatu. Juu ya hayo, mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili hubadilishiwa lugha ghafla na kufundishwa kwa Kiingereza. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini kufuta ada hakufuti chujio. Sera ya elimu, toleo la 2023, sasa inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Hiyo ni hatua ya kulegeza chujio lenyewe.

Kenya ililegeza chujio mapema. Tangu 2018 serikali ilitaka kila aliyefanya KCPE aingie kidato cha kwanza, na ikaweka ruzuku ya shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mlango ukafunguka, lakini mvulana akaanza kupotelea njiani, na hapo ndipo Thika na Ruiru zinapoingia.

Miji hii miwili ya kaunti ya Kiambu imezungukwa na mashamba ya mananasi na kahawa, viwanda, na machimbo ya mawe upande wa Juja na Ndarugu. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, nyumba za kupangisha zilichipuka Ruiru kwa kasi, na kila ghorofa ikahitaji mikono. Mvulana wa Gatundu huko Kiambu, au wa Gatanga na Kandara katika kaunti jirani ya Murang'a, anajua kwamba mjengo, bodaboda na machimbo humlipa jioni hiyohiyo, wala hakuna anayemuuliza cheti. Mwongozo wa karo wa serikali nao uliziruhusu shule za bweni za miji kama Thika kutoza hadi shilingi 53,554 kwa mwaka. Mzazi wa kibarua akishindwa, mwana hurudishwa nyumbani kutafuta karo. Anaitafuta kweli, anaonja pesa, na muhula unapita. Hakufeli mtihani wowote, wala hakuna siku aliyotangaza kwamba ameacha shule.

Kwa hiyo dawa ya nchi moja haitaiponya nyingine. Tanzania iwalinde watoto wanaoshindwa kidato cha pili na iwape nafasi nyingine. Kenya imfuatilie aliye ndani: basari za kaunti na za mfuko wa maeneo bunge (NG-CDF) zifike kabla ya muhula kuanza, na mwalimu mkuu atoe taarifa kwa chifu mvulana anapokosa shule wiki mbili mfululizo. Kuwazuia walio chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari ni sheria iliyopo. Itekelezwe kwenye machimbo na mijengo.

Jambo hili lina haraka. KCSE ya mwisho itafanywa mwaka 2027, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia shule ya upili mwaka 2026. Viongozi wa Kiambu na Murang'a wahesabu sasa wavulana wote waliomaliza Gredi ya 9 katika kila kata, kisha wahesabu tena kila muhula. Mwenye karakana, machimbo au bodaboda Thika na Ruiru, ukimwona kijana wa umri wa shule akiomba kazi siku ya masomo, usimpe kazi. Muulize anasoma wapi, kisha umpigie simu mwalimu wake.