Wadudu Waharibuo Nyanya Katika Kitalu Nyumba

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya wadudu waharibuo mimea iliyopandwa ndani ya nyumba, na mfano wetu utakuwa nyanya. Siku hizi wakulima wengi wa Kenya na Tanzania hupanda nyanya katika kitalu nyumba, yaani nyumba ya miti au vyuma iliyoezekwa kwa nailoni ipitishayo nuru, na kuzungushiwa wavu. Nyumba hiyo hugharimu fedha nyingi, na wengine huijenga kwa mkopo. Mwenye mkopo akipoteza mavuno ya msimu mmoja, deni halimngoji.

Na tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Chuoni kwetu tulipanda nyanya katika kitalu nyumba, zikastawi sana, nasi tukaanza kuhesabu fedha za kununulia vitabu kabla ya kuchuma hata tunda moja. Mara majani yakatokea vidoa vya manjano, vidogo kama tundu za sindano. Tukadhani mimea ina njaa, tukaongeza mbolea. Majani yakazidi kukauka. Siku moja mwanafunzi aligeuza jani, akaona chini yake utando mwembamba na vidudu vyekundu vikitambaa. Tukanyunyiza dawa kali, tukarudia dawa ile ile mara nyingi, na kila tuliporudia wadudu walikuwa wengi kuliko kwanza. Mwisho tulichuma vikapu vichache tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Adui yetu alikuwa chini ya jani, na sisi twatazama juu.

Kwa nini wadudu huzidi ndani ya nyumba? Sababu zake si za kificho. Huko nje mvua huwaosha majanini, upepo huwapeperusha, na wadudu wengine huwawinda. Ndani ya kitalu nyumba hakuna mvua, upepo ni kidogo, joto ni jingi, na wale wawindaji wamefungiwa nje. Basi mdudu mmoja apenyaye mlangoni amepata nyumba, chakula na amani.

Yapasa kwanza kumjua adui kwa alama zake. Tutawataja wanne.

Wa kwanza ni utitiri mwekundu, yule aliyetushinda sisi. Huyu si mdudu hasa, bali ni jamaa ya buibui, na akikua ana miguu minane. Urefu wake ni kama nusu ya milimeta. Hupenda joto na ukavu, na penye joto kali yai huwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi. Ukitaka kumjua, shika karatasi nyeupe chini ya jani, kisha ligonge jani kwa kidole. Ukiona vumbi linatembea, ndiye.

Wa pili ni inzi weupe. Ukitikisa mche, huruka kama majivu yaliyopulizwa, kisha hurudi chini ya majani. Hunyonya utomvu, na kuacha maji matamu yanatayo, ambayo juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Tena huchukua ugonjwa wa kukunja majani na kuyafanya manjano, na mche ulioupata haupati dawa.

Wa tatu ni vidukari, wadudu laini, wa kijani au weusi, wakaao kwa makundi penye machipukizi. Majike huzaa watoto hai pasipo dume, kwa hiyo huongezeka upesi mno. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shina, tazama juu. Yamkini wafuata maji matamu ya vidukari.

Wa nne ni kiwavi wa nondo mdogo, ambaye wakulima wa Tanzania humwita kanitangaze. Nondo huyu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 akaonekana Tanzania na Kenya. Kiwavi wake hula nyama ya jani katikati ya ngozi zake mbili, hata jani likawa na mabaka kama ya moto. Kisha hutoboa matunda, nayo huoza.

Sasa twawapingaje? La kwanza ni usafi. Ng'oeni magugu ndani na kando ya nyumba, kwa kuwa humo ndimo wadudu wangojeamo. Miche mipya itazamwe chini ya kila jani kabla ya kuingizwa. Wavu uwe wa matundu madogo sana, na milango iwe miwili, mmoja ufungwe kabla ya kufungua wa pili. Tena asiingie mtu na nguo za manjano, kwa sababu rangi hiyo huwavuta inzi weupe na vidukari.

Rangi hiyo hiyo yaweza kuwa mtego. Chukueni ubao uliopakwa rangi ya manjano, upakeni grisi, mkautundike karibu na vilele vya mimea. Wadudu watanasa, nanyi mtajua mapema kwamba wameingia. Mara mbili kila wiki mpite mkigeuza majani. Jani lenye viwavi lichumwe na kuteketezwa.

La pili ni dawa nyepesi. Tieni kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji, mnyunyize jioni, hasa chini ya majani. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, kwa hiyo rudieni baada ya siku chache. Jaribuni kwanza juu ya majani machache, wala msitumie sabuni ya unga ya kufulia, maana huunguza. Dawa ya mbegu za mwarobaini nayo hufaa, kwa kuwa humzuia mdudu mchanga asiambue ngozi na kukua. Lakini msitumie maji ya tumbaku. Sumu yake humdhuru mtu pia, na tumbaku yaweza kuambukiza nyanya ugonjwa wa majani.

La tatu ni kuwatumia maadui wa adui zetu. Mwaka 1926 mkulima mmoja wa nyanya huko Uingereza aliona watoto wa inzi weupe waliogeuka weusi. Habari ikamfikia mtaalamu E. R. Speyer, wa kituo cha utafiti cha Cheshunt. Ikajulikana kwamba nyigu mdogo, asiyefika milimeta moja, hutaga yai ndani ya mtoto wa inzi, na kinda lake humla kwa ndani. Jina lake ni Encarsia formosa. Nyigu hao wakafugwa na kugawiwa wakulima. Dawa za sumu kama DDT zilipotokea katika miaka ya 1940, nyigu wakasahauliwa. Lakini inzi walipozoea sumu, wakulima wakawarudia katika miaka ya 1970. Na katika mashamba ya maua ya Kenya hutumiwa utitiri mwindaji ulao utitiri mwekundu.

Hapo ndipo tulipolitambua kosa letu. Dawa kali iliua wawindaji wachache tuliokuwa nao, na utitiri uliosalia ni ule uliostahimili dawa. Huo ndio uliozaa. Basi sumu na iwe ya mwisho. Ikiwa hapana budi, someni karatasi yake, badilisheni aina yake, vaeni vya kujikinga, na hesabuni siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Nyanya hizo zitaliwa na watoto, na huenda wakawa watoto wenu.

Kesho asubuhi, wasikilizaji wetu, kabla ya kununua dawa yo yote, ingieni kitaluni mkageuze jani moja.