Harufu ya Karafuu na Ugumu wa Mbao ni Ndugu



Katika mkutano wetu uliopita alisimama mzee mmoja, ambaye mikarafuu yake ameirithi kwa babu yake, akauliza: "Bwana Katibu, yasemwa kuwa siku hizi wenye elimu waweza kuifanya harufu ya karafuu bila ya mkarafuu. Ikiwa ni kweli, sisi twapanda miche ya nini?"

Siku ile sikuweza kumjibu, kwani jawabu lake si la maneno mawili matatu. Nimesoma na nimewauliza wajuao, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza natuijue harufu yenyewe. Ukizipika kwa mvuke kilo 100 za karafuu kavu nzuri, utapata kilo 15 mpaka 20 za mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, zaidi ya theluthi mbili, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Hicho ndicho kiwashacho ulimi, na ndicho waganga wa meno wakitiacho katika dawa ya kutuliza jino.

Yujenoli haitoki ardhini wala haishuki na mvua. Mti huifanya wenyewe. Huanza na kitu kiitwacho fenilalanini, kimoja katika vile vipande vijengavyo protini za kila kiumbe, hata za miili yetu. Kipande hicho hupita mikononi mwa mafundi wengi, nao huitwa vimeng'enya. Kila fundi ana kazi yake moja tu. Akiimaliza humpa mwenziwe, kama vile mchumaji ampavyo mchambuaji, na mchambuaji ampavyo mwanikaji. Karibu na mwisho wa safari hiyo hupatikana kitu kiitwacho alkoholi ya koniferili.

Hapo njia hugawanyika. Njia moja huenda kwenye lignini, nayo ndiyo ishikayo nyuzi za mti zikawa mbao ngumu. Njia ya pili huenda kwenye yujenoli. Basi ugumu wa tawi ulikanyagalo ukichuma, na harufu ya tumba ulichumalo, ni ndugu wa baba mmoja.

Fundi wa mwisho wa njia hii ya pili alijulikana mwaka 2006, na hakuonekana kwanza katika mkarafuu, bali katika mrehani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzao, waliitwaa jeni ya mrehani, yaani yale maandishi ya urithi yaamuruyo fundi huyo afanywe, wakaitia katika bakteria. Bakteria wakamfanya fundi yule yule. Naye alipopewa kitu kitokanacho na ile alkoholi ya koniferili, akakigeuza yujenoli ndani ya chupa. Mwaka 2022 yakachapishwa maandishi ya urithi ya mkarafuu wenyewe, herufi karibu milioni 370 katika jozi 11 za kromosomu, na humo zikatafutwa jeni za mafundi wa harufu yetu.

Kwa hiyo mzee wetu hakudanganywa. Walakini khabari hii si mpya kwetu, na yafaa tukumbuke yaliyokwisha kutupata.

Mwishoni mwa karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa ikiongoza ulimwenguni kwa kuuza karafuu, viwanda vya ng'ambo vilianza kuigeuza yujenoli kuwa vanilini, yaani ile ladha ya vanila itiwayo katika vitu vitamu. Likawa soko jema la mafuta ya karafuu. Kisha katika miaka ya 1930 wataalamu wa Marekani na Kanada wakaifanya vanilini kwa maji yanayobaki katika viwanda vya karatasi. Maji hayo yana nini? Yana lignini ya miti iliyopikwa! Yule ndugu wa pili aliyebaki katika mbao ndiye aliyelichukua soko la ndugu yake. Na leo vanilini nyingi hufanywa kwa vitu vitokanavyo na petroli.

Funzo lake ni hili. Anayetaka yujenoli tu, hajali imetoka wapi; hutazama bei peke yake. Hata leo yujenoli nyingi hukamuliwa katika majani ya mikarafuu ya Indonesia na Madagaska, kwa kuwa majani ni rahisi. Bali anayetaka karafuu nzima, iwe ya pilau au ya sigara za kreteki za Indonesia, hataki kitu kimoja. Ataka mafuta yote pamoja na vitu vingine vilivyomo, na umbo, na rangi. Hivyo hakuna chupa iliyoviweka pamoja.

Navyo huwa vingi katika tumba lililokomaa, linapoanza kugeuka wekundu na kabla halijafunguka. Likishachanua, mafuta hupungua. Na likiachwa mpaka likawa mpeta, hubaki kidogo tu. Makonyo nayo yana mafuta, kilo 5 mpaka 7 katika kila 100, na ndiyo maana kiwanda cha Wawi huyanunua. Lakini makonyo yakichanganywa na karafuu, mnunuzi huhisabu kuwa amepunjwa, na haki yake.

Basi mzee wangu, jawabu ni hili: panda miche. Lakini tusichelewe kuchuma kwa kutamani uzito, wala tusichambue kwa haraka. Mwenye kuuza karafuu mbovu huuza yujenoli tu, na hiyo hata bakteria anaweza kuifanya.

Katibu wa Chama