Masonara wa Paris na Almasi ya Mwadui

Katika nchi ya Ufipa, toka Nkansi hata Lyangalile, Wafaransa waliojulikana tangu zamani ni mapadre, wale Wamisionari wa Afrika walioipokea ngome ya Karema kandokando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na ambao mmoja wao, Askofu Adolphe Lechaptois, alitunga kitabu kizima juu ya nchi hizi za ziwani, kikatoka mwaka 1913. Lakini wako Wafaransa wengine ambao jina lao limefungamana na ardhi ya Tanganyika kwa sababu ya kito kimoja tu, nao ni ahali ya Cartier, masonara wa Paris. Na kwa kuwa ardhi ya Sumbawanga nayo ina vito vyake, na wazee wa Ufipa walikuwa mafundi mashuhuri wa madini, yafaa habari ya nyumba hiyo isimuliwe hapa kwa utulivu.

Mwanzo wake haukuwa mkubwa. Mwaka 1847 Louis-François Cartier, aliyekuwa akifanya kazi chini ya bwana wake Adolphe Picard, aliishika karakana ya bwana huyo katika mtaa wa Montorgueil. Mwanawe Alfred akarithi kazi mwaka 1874. Na mwaka 1899 duka likahamia mtaa wa rue de la Paix, mahali walipopita matajiri wa Ulaya nzima. Alfred alijaliwa wana watatu, nao wakagawana dunia kama warithi wagawanavyo shamba: Louis, mkubwa wao na mwenye kipaji cha kubuni, akabaki Paris, Pierre akafungua duka New York mwaka 1909, na Jacques akasimamia tawi la London, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1902. Hakuna aliyefanya kazi peke yake, kwani michoro, vito na habari za wateja vilipita baina ya ndugu hawa bila kukoma, na kwa rai yangu hiyo ndiyo siri yao kubwa kuliko mali waliyokuwa nayo.

Jacques alikuwa msafiri. Mwaka 1911 alikwenda Uhindi, na mwaka 1912 akafika Ghuba ya Uajemi, akaketi na wafanyabiashara wa lulu wa Bahareni, katika bahari ile ile ambayo majahazi yake yalizoea kushuka na pepo za kaskazi hata Mombasa na Unguja. Zama hizo lulu ilipita almasi kwa thamani, maana ilitegemea pumzi ya mzamiaji na bahati ya chaza, hata ikawa mwaka 1917 Pierre aliipata nyumba ya fahari katika barabara ya Fifth Avenue, New York, kwa dola 100 na kidani cha lulu cha nyuzi mbili kilichokadiriwa thamani ya dola milioni moja. Baadaye Wajapani walipojua kuwafuga chaza, na msukosuko wa fedha wa mwaka 1929 ulipoongezeka juu ya hayo, bei ya lulu ilianguka vibaya; nyumba ya Fifth Avenue ingali duka la Cartier hata leo.

Ama mtindo wao, asili yake ni metali ya platini. Kabla ya hapo masonara wa Ulaya walizoea kuzifunga almasi kwa fedha iliyotiwa dhahabu nyuma, na fedha ni laini, hutaka kuwa nene ili ishike kito, kisha huingia weusi. Bali platini ni ngumu, haichujuki, nayo hufulika ikawa nyembamba mno, hata mtazamaji akadhani vito vimeelea juu ya ngozi. Kwa platini Louis Cartier alifanya mashada ya maua na tepe, akiiga mapambo ya wafalme wa Ufaransa wa karne ya 18. Kisha katika miaka ya 1920 akageukia mistari iliyonyooka na rangi zilizoshindana, na zumaridi, yakuti na yakuti samawi zilizochongwa kwa sura ya majani na matunda katika karakana za Uhindi zikachanganywa pamoja kwa ujasiri ambao wengine hawakuuthubutu. Mwaka 1914 madoa ya chui yalionekana juu ya saa ya kike, kwa almasi na shohamu nyeusi, na Bibi Jeanne Toussaint, aliyepewa mwaka 1933 uongozi wa vito vya daraja la juu, akamfanya chui huyo kuwa alama ya nyumba. Mwaka 1948 alitengenezwa chui wa dhahabu mwenye madoa meusi, amelala juu ya zumaridi moja ya karati 116 na ushei, kwa ajili ya mke wa yule mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu.

Sasa tufike Mwadui. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, Dakta John Williamson, alikigundua huko Shinyanga chanzo kikubwa cha almasi, na mnamo Oktoba 1947 ikatoka mgodini almasi ya rangi ya waridi, ya karati 54.5, yaani gramu 11 kasoro kidogo. Akaitoa hidaya ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth. Ilipokatwa London mwaka 1948 zilisalia karati 23.6, zaidi ya nusu ya kito ilikwenda na vumbi la gurudumu, kwa kuwa mkataji hutafuta nuru na wala si uzito. Mwaka 1953 Frederick Mew, mchoraji wa Cartier London, akaifanyia bizimu kwa umbo la ua la narijisi: almasi ya waridi imekaa katikati, petali za almasi nyeupe zimejikunja kuizunguka, na chini kuna kikonyo kirefu chenye majani mawili. Malkia aliivaa mara nyingi, hata siku ya arusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Kito kinaitwa kwa jina la Williamson mpaka leo, bizimu ina jina la Cartier, na mikono ya wachimbaji wa Mwadui haikutiwa jina lo lote, jambo linalonihuzunisha kila nikiitazama picha yake.

Nami siwezi kuwasifu mafundi wa Paris nikawanyamazia wa Ufipa. Juu ya uwanda huu zingali zimesimama tanuru ndefu za udongo, zipitazo kimo cha mtu, ambazo ndani yake mawe ya chuma na makaa vilipangwa tabaka kwa tabaka, na moto ukavuta upepo wenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivuo. Kisha chuma kile kikasafishwa katika tanuru ndogo, kintengwe, ambayo ndiyo iliyovukutwa kwa mivuo. Ujuzi huo ulirithiwa, ukafungwa kwa dawa na miiko, na hata utawala wa kale wa Milansi husimuliwa pamoja na habari za uhunzi. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei rahisi, tanuru zilizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ahali ya Cartier nayo ilipatwa na yake: duka la New York liliuzwa mwaka 1962, na mwaka 1974 Jean-Jacques, mwana wa Jacques, akauza la London, hata sasa nyumba hiyo ni mali ya kampuni ya Richemont ya Uswisi. Ufipa koo zimebaki na kazi imekoma; Paris kazi imebaki na ukoo umeondoka.

Katika miaka ya 1980 zumaridi ziligunduliwa Sumbawanga, kama zilivyogunduliwa karibu na Ziwa Manyara mwaka 1970. Zumaridi ni kito kigumu kukata kuliko wengi wanavyodhani, maana aghalabu kina nyufa za ndani zisizoonekana upesi, na fundi asiyezisoma kwa subira kabla ya kukigusisha gurudumu hukipasua. Usomaji huo sasa hufundishwa katika kituo cha jemolojia cha Arusha, nami ningefurahi mno kusikia kwamba vijana wa Ufipa wamekwenda huko, wakarudi na magurudumu yao.