Jina na Mzinga: Jinsi ya Kuichunguza Historia ya Kiwanda cha Ngoma cha Ludwig

1. Utangulizi

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana mbili kuu: chombo kinachopigwa, na mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Wachunguzi wa fasihi simulizi aghalabu wamevutwa na maana ya pili. Chombo chenyewe, jinsi kilivyotengenezwa, kilivyowambwa na kilivyouzwa, kimeachiwa mafundi na wapigaji. Makala haya yanakusudia kuelekea upande wa chombo, na kuonyesha ni kwa njia gani mtu aweza kuitafiti historia ya kiwanda cha ngoma za zamani.

Mfano tulioutwaa ni kiwanda cha Ludwig cha mjini Chicago, Marekani. Tumeuchagua kwa sababu moja: kwa muda wa miaka 26 jina la kiwanda hiki lilitengana na watu waliolianzisha. Mtafiti anayeliamini jina pekee hana budi kupotea. Suala hili, kama tutakavyoona, linamhusu mwanaisimu na mhakiki wa hati za kale sawasawa na linavyomhusu mkusanyaji wa ngoma.

2. Muhtasari wa matukio

William F. Ludwig alizaliwa Ujerumani mwaka 1879, akapelekwa Chicago na wazazi wake angali mtoto. Alikuwa mpigaji ngoma kabla ya kuwa mwenye kiwanda. Katika mwaka 1909 yeye na ndugu yake Theobald walianzisha kampuni iliyoitwa Ludwig & Ludwig, na bidhaa yao ya kwanza mashuhuri ilikuwa kikanyagio cha kupigia ngoma kubwa kwa mguu. Kifaa hicho kilimwezesha mtu mmoja kufanya kazi ambayo awali ilihitaji wawili. Theobald alifariki mwaka 1918 katika janga la homa ya mafua.

Katika miaka ya 1920 kampuni ilinawiri, kwani kumbi za sinema zilihitaji wapigaji wa kusindikiza filamu zisizokuwa na sauti. Filamu zenye sauti zilipoanza kuenea baada ya mwaka 1927, wapigaji wengi walipoteza kazi, na soko la ngoma likaanguka pamoja nao. Ukaja na mdororo mkuu wa uchumi. Kampuni iliuzwa mwaka 1929 kwa C. G. Conn, na kazi ikahamishiwa mji wa Elkhart, jimbo la Indiana. Conn ilikuwa imeinunua pia kampuni ya Leedy iliyokuwa Indianapolis.

William alifanya kazi chini ya mabwana wapya kwa miaka kadhaa, kisha akajitoa. Katika mwaka 1937 alifungua kiwanda kingine Chicago, katika barabara ya North Damen. Alitaka kukiita kwa jina lake kamili, lakini Conn ikapinga, maana jina Ludwig katika biashara ya ngoma lilikuwa limekwisha kuuzwa. Basi mtu akazuiwa kuliandika jina la baba yake juu ya kazi ya mikono yake, akaridhika na herufi tatu: WFL. Haikuwezekana kulinunua tena jina hilo hadi mwaka 1955, Conn ilipoacha biashara ya ngoma. Leedy ilichukuliwa na Slingerland, mshindani wa siku nyingi.

Tarehe 9 Februari 1964 kundi la Beatles lilionekana katika televisheni ya Marekani, na watazamaji wapatao milioni 73 waliliona jina Ludwig juu ya ngoma kubwa ya Ringo Starr. Maagizo yakamiminika. Kampuni iliuzwa kwa Selmer mwaka 1981, na mwaka 1984 kazi ikahamia Monroe, North Carolina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Selmer ikaungana na kampuni iliyomiliki jina la Conn, zikawa Conn-Selmer. Hivyo majina mawili yaliyogombana mwaka 1937 yakaja kuishi chini ya paa moja.

3. Ushahidi wa chombo

Muhtasari huu unatufunza jambo la kwanza: ngoma yenye kibati cha Ludwig & Ludwig iliyotengenezwa mwaka 1940 si kazi ya akina Ludwig, ilhali ile yenye WFL ya mwaka huo ndiyo. Je, chombo chenyewe kinatuambia nini?

Kwanza kuna kibati cha chapa. Umbo lake, maandishi yake na jina la mji hubadilika kadiri ya nyakati, na kwa hayo ngoma yaweza kuwekwa katika kipindi fulani. Lakini vibati havikupigwa kwa utaratibu mkali. Kuanzia mwishoni mwa 1963 Ludwig iliweka nambari za mfululizo juu ya vibati, lakini mafundi walivichota bila kuufuata mpangilio. Yamkini ngoma yenye nambari ndogo ikawa imetengenezwa baada ya yenye nambari kubwa. Nambari hutoa makadirio tu.

Pili, ndani ya mzinga mara nyingi hupatikana tarehe iliyopigwa kwa muhuri wa wino. Huu ni ushahidi wenye nguvu zaidi, ila nao una mpaka wake: unatuambia mzinga ulipitia mikono ya fundi lini, hautuambii ngoma iliuzwa lini. Msomaji wa tenzi za kale ataitambua tofauti hii mara moja, maana mwaka wa kunakiliwa kwa hati si lazima uwe mwaka wa kutungwa kwake.

Tatu, kuna vitu vilivyotumika. Hadi miaka ya 1950 ngoma ziliwambwa kwa ngozi za wanyama, zilizolegea kwa unyevu na kukaza kwa ukavu. Mpigaji wetu anayeiota ngoma yake kwenye moto anaijua shida hiyo. Viwambo vya plastiki vilienea kuanzia mwaka 1957 hivi. Hata hivyo kiwambo hakifai kuwa shahidi mkuu, kwa kuwa huchakaa na kubadilishwa, na ngoma ya mwaka 1925 yaweza kuvaa kiwambo cha juzi. Kinyume chake, ngoma za wakati wa Vita Vikuu vya Pili hujitambulisha zenyewe. Serikali ya Marekani ilibana matumizi ya madini, na viwanda vikalazimika kutengeneza kwa mbao sehemu ambazo desturi yake ni chuma. Mti ulio mahali pa chuma ni tarehe isiyohitaji muhuri.

4. Ushahidi wa maandishi na wa kauli

Nje ya chombo, mtafiti ana aina tatu za nyaraka. Hataza hutoa jina, tarehe na mchoro. Lakini huthibitisha wazo, si kwamba kitu kiliuzwa. Orodha za bidhaa huonyesha kilichonadiwa. Lakini picha ya zamani yaweza kurudiwa miaka mingi. Kumbukumbu za wenyewe ndizo zenye uhai. Mwana wa mwanzilishi, William F. Ludwig wa pili, aliacha kitabu cha maisha yake, The Making of a Drum Company. Kauli ya namna hii ina thamani kubwa, ila ni kauli ya mtu aliyekuwa na upande katika ugomvi wa jina. Haifai kukataliwa, wala haifai kupokewa peke yake. Kadhalika twatenda tunapozikabili tarikhi za miji ya pwani, zilizoandikwa kwa fahari ya watawala wake.

5. Funzo kwa wachunguzi wa Kiswahili

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuanzia kazi hii: kuwamba, kiwambo, mzinga, msondo, vumi, chapuo. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Fundi wetu hapigi muhuri wala hatoi orodha ya bidhaa. Hataza yake ni kinywa chake na nyaraka zake ni wanafunzi wake. Iwapo kiwanda chenye vibati, nambari na kitabu cha mwenyewe chatatanisha kiasi hiki, itakuwaje kwa karakana ambayo ushahidi wake wote hufa na mtu mmoja? Yafaa basi anayekusanya nyimbo za ngoma aandike pia ngoma yenyewe: nani aliuchonga mzinga, kwa mti gani, ngozi ni ya mnyama yupi, imewambwa upya mara ngapi, na kila sehemu yaitwaje katika lahaja ya hapo.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba jina, nambari, tarehe, kitu na kauli ni mashahidi watano wanaojua mambo tofauti, na kwamba kazi ya mtafiti ni kumwuliza kila mmoja lile analolijua. Jina liliwahi kuuzwa na kununuliwa tena; mzinga ulibaki ulivyochongwa. Palipo na hitilafu baina ya viwili hivyo, uchunguzi na uanzie kwenye mzinga.