KITANZI KILICHOKULA MVUA YA MUHULA

Wenzangu wengi wa chama cha kompyuta wameniuliza namna ya kuandika kitanzi katika sheli. Nitaeleza, wala sitaficha kosa langu, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha.

Sheli ni programu inayopokea amri tunazoziandika na kuifanya kompyuta izitimize. Kitanzi ni agizo la kurudia kazi moja kwa kila kitu kilichomo katika orodha. Si jambo jipya: sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka Bell Labs huko Marekani mwaka 1979, ilikuwa nacho, na bash, aliyoitunga Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, ilikirithi.

Muhula uliopita darasa letu lilipima mvua kila asubuhi kwa siku 58. Kila kipimo kiliwekwa katika faili yake, tangu siku-01.txt hadi siku-58.txt. Mwalimu wa Jiografia aliniagiza niongeze neno mvua mwanzoni mwa kila jina. Nikaandika hivi:

for faili in *.txt
do
  mv "$faili" mvua.txt
done

Mstari wa kwanza hukusanya majina yote yanayoishia na .txt, kisha huyatia moja moja katika chombo nilichokiita faili. Yaliyo kati ya do na done hurudiwa kwa kila jina. Alama ya $ maana yake ni "kilichomo chomboni". Alama za kunukuu hulinda majina yenye nafasi. Bila hizo, jina kama siku ya kwanza.txt lingehesabiwa kuwa maneno matatu.

Je, mmeliona kosa? Amri ya mv hubadili jina la faili. Nami nilizipa faili zote 58 jina moja! Kila iliyofika iliifuta iliyotangulia. Kufumba na kufumbua ikabaki ya siku ya 58 peke yake, nayo ilisema: mvua sifuri.

Nilikwenda kwa mwalimu magoti yakitetemeka. "Mwalimu," nikasema, "nimepoteza mvua ya muhula mzima."

Hakunikemea. Alifungua kabati, akatoa daftari la vipimo, akasema, "Kaa hapa uandike upya, mwanangu. Na safari hii mashine ikuambie kwanza inataka kufanya nini." Nilinakili jioni mbili.

Maneno yake niliyatimiza kwa kuandika hivi kati ya do na done:

echo mv "$faili" "mvua-$faili"

Neno echo huifanya kompyuta ionyeshe tu amri ambayo ingetendeka, bila kugusa faili yo yote. Isome orodha hiyo mstari kwa mstari. Ukiridhika, ondoa echo, na badala ya mv andika mv -n, ambayo haifuti faili iliyokwisha kuwa na jina hilo. Ndivyo nilivyofanya, na faili zote 58 zikapata majina yake.

Ndugu zangu, kitanzi hakichoki wala hakiulizi. Ukikiagiza vema kitakuokolea kazi ya siku nzima. Ukikosea kitalirudia kosa lako kwa utii ule ule. Basi jaribuni kwanza, na nakala ya kazi yenu iwekeni mahali pengine. Mimi niliokolewa na daftari la karatasi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu