Je, Wajua? Gari la Serikali ni Lako

Je, wajua kwamba serikali ina hisa katika kiwanda cha magari kilichopo Thika? Kenya Vehicle Manufacturers kilianzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Baadaye serikali ilikuwa na asilimia 35 ya hisa; kampuni za CMC na D.T. Dobie zikagawana zilizobaki, asilimia 32.5 kila moja. Siku za Leyland, Land Rover ziliunganishwa hapo. Desemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alizindua hapo uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo.

Je, wajua kwamba sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka bidhaa zilizounganishwa Kenya zipewe upendeleo? Shilingi ya kodi ikinunua gari lililofungwa nati Thika, kijana wa mitaa ya huko kama Makongeni au Kiganjo hupata kazi.

Je, wajua kusoma nambari za usajili? GK ni ya serikali kuu. Ukiona 22CG barabarani Ruiru, hilo ni gari la Kaunti ya Kiambu, kwa sababu Kiambu ni kaunti nambari 22. Nairobi ni 47CG. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania hutumia ST kwa serikali, SU kwa shirika la umma na SM kwa serikali za mitaa.

Je, wajua kwamba gari kuukuu la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa Kenya? Kanuni hiyo inambana mwananchi anayeagiza kigari chake Japani. Gari la serikali likishasajiliwa, kanuni hiyo hailigusi tena. Linaweza kuzeekea kazini.

Na kuzeeka huko ndiko kunakotuumiza. Bei ya gari hulipwa mara moja, lakini mafuta, matairi, vipuri na mshahara wa dereva hulipwa mpaka siku ya mnada. Gari likikosa kipuri kimoja, huegeshwa uani. Miezi ikipita betri inakufa, matairi yanapasuka kwa jua, kisha mafundi wanaanza kung'oa taa na jenereta ili kuokoa gari jingine. Likifika mnadani limebaki bodi, na mnunuzi analipa bei ya vyuma chakavu. Lingeuzwa mapema, likiwa bado linatembea, fedha nzuri zingerudi. Nikifikiria kwamba gari hilo linaweza kuwa ambulensi, nashindwa kuliita jambo dogo.

Je, wajua njia halali za kuliondoa? Sheria ile ile ya ununuzi wa umma ya 2015 inataja tano: kulihamishia taasisi nyingine ya umma, kuliuza kwa zabuni, kulinadi, kulibadilisha kwa jipya kwa kuongeza fedha, au kulitupa kama taka. Kuliacha nyasi zilifunike hakumo.

Je, wajua kwamba mwaka 2009, Uhuru akiwa Waziri wa Fedha, mawaziri waliamriwa kubaki na gari moja lenye injini isiyozidi cc 1,800? Serikali ikanunua magari 120 ya Volkswagen Passat. Land Cruiser V8 ya dizeli ina cc 4,461, karibu mara mbili na nusu. Amri ilikuwa njema. Wakubwa walirudi kwenye magari makubwa hata hivyo.

Je, wajua kwamba tangu 2013 magari mengi ya polisi ni ya kukodi? Kampuni inayokodisha ndiyo inayobeba gharama ya matengenezo.

Rwanda ilikaza zaidi: kuanzia katikati ya miaka ya 2000, magari mengi ya serikali yalipigwa mnada, na maafisa wakasaidiwa kununua yao.

Je, wajua kwamba Februari 2021 Tume ya Mishahara iliidhinisha ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kwa kila mjumbe wa bunge la kaunti? Kiambu ina wadi 60. Hiyo ni milioni 120 kwa waliochaguliwa pekee.

Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alisimamisha ununuzi wa magari mapya ya serikali kwa miezi 12, isipokuwa ya usalama.

Je, wajua kwamba unaweza kuuliza? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua kwa kaunti: magari mangapi, ya mwaka gani, mangapi yamekwama, mafuta ya shilingi ngapi. Ukinyimwa jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.